Tujue Historia Yetu: Maisha ya Prince Louis Rwagasore (1932–1961)



Vijana wa kwaya walinijia na ombi. Ndugu zao waliohamishiwa Marekani wamewaambia kwamba kule mwezi wa Februari ni mwezi wa kukumbuka historia ya watu weusi. Jambo hilo lilianzishwa mwaka 1926 na mwalimu mmoja, Carter G. Woodson, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Kwanza lilikuwa juma moja, na tangu mwaka 1976 likawa mwezi mzima. Vijana wetu wakaomba na sisi tuwe na jioni moja ya nyimbo, ngoma na masimulizi. Niliwakubalia kwa furaha. Wakanionyesha orodha ya watu watakaowasimulia: Martin Luther King, Rosa Parks, Nelson Mandela.

Orodha ile ni njema, wala sikufuta jina hata moja. Lakini niliwauliza swali: kati ya hao wote, ni nani ambaye kaburi lake tunaweza kulifikia kwa miguu? Wakanyamaza. Basi nikawakumbusha kwamba wengi wetu tukishuka Bujumbura kwa ajili ya karatasi au matibabu hupita Rohero, na katikati ya mji ule ipo barabara kubwa yenye jina la Prince Louis Rwagasore. Tumeipita mara nyingi na bahasha zetu mkononi. Ipo pia kliniki yenye jina lake. Picha yake ilitiwa kwenye noti ya franga 10,000. Na juu ya mji, kwenye kilima cha Vugizo, ndipo alipolazwa. Hata hivyo ukiwauliza watoto wetu waliozaliwa hapa ugenini, wengi watakwambia Rwagasore ni barabara.

Kwa hiyo nimeandika habari zake hapa. Siandiki siasa. Sisi ni wageni katika nchi hii, na mgeni hukaa kwa adabu. Lakini kuijua nchi iliyokupokea ni sehemu ya adabu hiyo. Nabii Yeremia aliwaandikia waliokuwa uhamishoni wautakie amani mji waliomo. Je, utauombea vipi mji usiojua ulipoumia?

KUZALIWA KWAKE

Louis Rwagasore alizaliwa tarehe 10 Januari 1932 huko Gitega. Baba yake alikuwa Mwami Mwambutsa wa Nne, mfalme wa Burundi, na mama yake aliitwa Thérèse Kanyonga. Alikuwa kitukuu cha Mwezi Gisabo, yule mfalme aliyepigana na Wajerumani mpaka akalazimika kufanya mapatano nao huko Kiganda mwaka 1903.

Wakati huo nchi haikuwa mikononi mwa wenyewe. Wajerumani waliondolewa na Wabelgiji mwaka 1916, katika vita vikuu vya kwanza. Baadaye Ubelgiji ikapewa dhamana ya kuitawala Ruanda-Urundi, kwanza na Shirikisho la Mataifa, kisha na Umoja wa Mataifa. Mwami alibaki na ngoma zake na heshima zake, lakini maamuzi makubwa yalitoka kwa Wabelgiji. Mji wa Bujumbura uliitwa Usumbura. Wazungu walikaa katika mitaa iliyopangwa vizuri kama Rohero, na Waafrika walikaa Buyenzi na Bwiza. Kijana huyu basi alizaliwa mtoto wa mfalme katika nchi ambayo mfalme mwenyewe alitawaliwa.

MASOMO

Alisoma shule za misheni ya Kikatoliki hapa Burundi, kisha akapelekwa Astrida, mji wa Rwanda ambao baadaye uliitwa Butare. Shule ile ilikuwa maarufu sana. Ndiko Wabelgiji walikowafundisha vijana waliotazamiwa kuwa watumishi wa serikali yao. Baada ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikwenda Ubelgiji, akasoma Antwerp na halafu Leuven.

Wazazi watanisamehe kwa kusema ukweli: hakumaliza masomo yake ya chuo kikuu. Alirudi nyumbani mwaka 1956 bila shahada. Nalisema kwa sababu wapo vijana kati yetu ambao vita vimewakatia masomo, nao wanajiona kama kibuyu kilichopasuka. Elimu ni nzuri na tuitafute kwa bidii. Lakini Mungu anaweza kumtumia mtu hata kama karatasi haikukamilika.

Huko Ulaya alikuwa ameona watu wakijitawala wenyewe na wafanyakazi wakijiunga katika vyama. Aliporudi aliwakuta wakulima wake wakilima kahawa, na faida ikibaki kwa wengine.

BIASHARA YA PAMOJA

Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Nia yake ilikuwa Waafrika waweze kununua na kuuza kwa pamoja, wasidhulumiwe kila mmoja peke yake. Hakuanzia katika nyumba za machifu. Alishuka kwa watu wa biashara ndogo ndogo, na hasa kwa Waswahili wa Buyenzi, ambao wengi wao walikuwa Waislamu.

Watu hao walidharauliwa. Machifu waliwaona kama wageni wasio na kilima chao, na Wabelgiji hawakuwaamini. Wengine asili yao ilikuwa Kongo, wengine Tanganyika. Huyu mtoto wa Mwami, Mkristo Mkatoliki, alikaa nao, akala nao, akawatetea. Nao hawakumsahau. Katika miaka ya kampeni ngumu, wanaume na wanawake wa Buyenzi walikuwa kati ya watu waliomsaidia kwa moyo wote.

Wapendwa, hapa nilisimama kidogo nilipokuwa nikiwasimulia vijana. Sisi tunaosema Kiswahili hapa Burundi mara nyingine tunasikia kwamba lugha yetu ni ya watu wa mtaani. Kumbe ukombozi wa nchi hii ulipitia pia katika nyumba za watu wa lugha hii.

Ule ushirika wenyewe haukwenda vizuri. Fedha zilipungua, madeni yakaongezeka, na utawala wa Wabelgiji haukuutakia mema. Rwagasore hakuwa mtu asiyeshindwa. Lakini kutoka katika jaribio lile alijifunza jambo moja: mwenye nchi ndiye anayepanga bei. Bila kujitawala, duka la mtu mweusi litaendelea kuwa chini ya ruhusa ya mwingine.

CHAMA NA NDOA

Ndipo akaingia katika chama cha UPRONA, chama cha umoja na maendeleo ya taifa, akawa kiongozi ambaye watu walimfuata. Chama hiki kilidai uhuru wa haraka. Kilimheshimu Mwami, na kiliwataka Warundi wote wawe kitu kimoja, Mhutu, Mtutsi na Mutwa, pamoja na wale Waswahili wa mjini.

Kumbukeni majira yale. Mwezi wa Novemba 1959 moto uliwaka Rwanda, nchi ya jirani. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na maelfu wakaanza kukimbia kwa sababu ya kabila lao. Baadhi ya wakimbizi wale walifika hapa Burundi. Kila mtu aliweza kuona mahali ambapo njia ile inaelekea.

Rwagasore alikuwa amekwisha kutoa jibu lake kwa maisha yake. Mwezi wa Septemba 1959 alimwoa Marie-Rose Ntamikevyo, binti wa familia ya Kihutu. Walijaliwa mabinti wawili, lakini wote wawili walifariki wangali wachanga. Vitabu vingi vya historia hulipita jambo hili haraka. Mimi sikuweza kulipita, kwa maana katika kanisa letu wako akina mama waliozika watoto njiani, wakaendelea kutembea. Nyumba ya mfalme nayo ilijua kilio hicho.

Wapinzani wake walikuwa na nguvu. Kulikuwa na chama cha PDC, kilichojiita cha Kikristo, nacho kilikubaliana zaidi na Wabelgiji na hakikuwa na haraka ya uhuru. Wakuu wake walikuwa Joseph Biroli na ndugu yake Jean-Baptiste Ntidendereza, wana wa chifu Pierre Baranyanka. Wao pia walikuwa wa ukoo wa kifalme, wa tawi jingine, na kati ya matawi yale mawili kulikuwa na ugomvi wa zamani. Msidhani basi kwamba adui alitoka mbali. Walikuwa jamaa, wana wa nyumba zilizokunywa pombe moja.

KIFUNGO NA USHINDI

Mwaka 1960 Wabelgiji walitumia njia mbili za kumzuia. Kwanza ilikatwa kwamba jamaa wa karibu wa Mwami wasishike nafasi za siasa. Kisha, mwishoni mwa Oktoba, wakamfungia ndani ya nyumba huko Bururi, na uchaguzi wa komuni ukafanyika mwezi wa Novemba bila yeye. Alifunguliwa Desemba, uchaguzi ulipokwisha. PDC ilikuwa imepata viti vingi kuliko UPRONA, na Ntidendereza akawa waziri wa mambo ya ndani katika serikali ya muda.

Mtu mwingine angekata tamaa au angechukua panga. Mwezi wa Januari 1961 Patrice Lumumba, ambaye Rwagasore alishikamana naye katika kudai uhuru, aliuawa huko Katanga. Wazee wetu waliotoka Kongo wanakumbuka jinsi habari ile ilivyotembea. Kila aliyedai uhuru katika makoloni ya Wabelgiji alijua sasa kwamba kifo kinawezekana.

Rwagasore hakuchukua panga. Alizunguka vilimani. Umoja wa Mataifa ulitaka uchaguzi mpya ulio wa haki, na lile zuio juu ya jamaa wa Mwami likaondolewa. Huko Tanganyika, Julius Nyerere na chama chake cha TANU walimuunga mkono. Tarehe 18 Septemba 1961 watu walipiga kura mbele ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa. UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64.

Jambo alilolifanya baada ya ushindi ndilo ninalotaka vijana walishike. Alizungumza na nchi akiwa mtulivu. Hakuwacheka walioshindwa. Aliwaambia Warundi kwamba serikali yake waihukumu kwa matendo yake. Mwisho wa mwezi ule akawa Waziri Mkuu, na katika baraza lake wakakaa Wahutu na Watutsi pamoja. Alikuwa na umri wa miaka 29. Vijana wa kwaya, fanyeni hesabu: wako kati yenu wanaomzidi umri.

USIKU WA TAREHE 13 OKTOBA

Alitawala kwa majuma mawili tu.

Jioni ya Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1961 alikuwa akila chakula katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa, pamoja na wenzake. Mgiriki mmoja aitwaye Jean Kageorgis alikuwa amejificha gizani nje na bunduki. Alipiga risasi, ikampata Rwagasore shingoni, akafa.

Mwenye kuvuta bunduki alikuwa mgeni, lakini shauri lilitoka kwa wakuu wa PDC, kati yao Ntidendereza na Biroli. Kuhusu Wabelgiji, swali halijafungwa mpaka leo. Wapo watafiti walioonyesha kwamba baadhi ya maofisa wao walionyesha wazi kutamani aondoke. Mwandishi wa Kibelgiji Ludo De Witte, aliyewahi kuchunguza kifo cha Lumumba, alitoa kitabu kuhusu mauaji haya mwaka 2021.

Alizikwa tarehe 18 Oktoba kwenye kilima cha Vugizo, na watu wengi sana walimsindikiza. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962. Kesho yake, tarehe 1 Julai 1962, Burundi ikawa nchi huru. Yule aliyeutafuta uhuru hakuuona, kama Musa aliyeitazama nchi kutoka mlimani. Baada ya uhuru kesi ilifanywa tena, na mwezi wa Januari 1963 watu watano, Biroli na Ntidendereza wakiwa kati yao, walinyongwa hadharani huko Gitega.

KILICHOFUATA

Waandishi wengi wa habari za mashujaa huishia kaburini. Mimi naona ni lazima niendelee kidogo, kwa sababu hapa ndipo somo linapotugusa.

Rwagasore alipokufa hapakuwa na mtu mmoja aliyekubaliwa na wote kuchukua mahali pake. Wakuu wa UPRONA wakaanza kugombana juu ya uongozi, hasa André Muhirwa, shemeji yake, aliyekuwa Waziri Mkuu baada yake, na Paul Mirerekano. Mmoja alikuwa Mtutsi na mwingine Mhutu. Ugomvi wa vyeo ukavaa polepole nguo ya kabila.

Tena kulikuwa na umoja wa vijana waliojiita kwa jina lake, vijana wa Rwagasore. Mwezi wa Januari 1962, miezi mitatu tu baada ya mazishi yake, vijana wa umoja huo waliwashambulia Wahutu huko Kamenge, wakaua viongozi kadhaa na kuchoma nyumba. Wapendwa, fikirini jambo hilo. Mtu aliyemwoa binti wa Kihutu, aliyewakusanya wote katika baraza moja, jina lake lilibebwa na vijana wanaoua Wahutu.

Mambo mengine mnayajua, na wengine wenu mliyaona kwa macho. Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa mwezi wa Januari 1965. Ufalme uliondolewa mwaka 1966. Mwaka 1972 yalitokea mauaji makubwa, na katika siku zile mdogo wake Rwagasore wa baba mmoja, Charles Ndizeye, aliyekuwa Mwami Ntare wa Tano, aliuawa Gitega. Mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, pia katika mwezi wa Oktoba, na vita vikafuata. Warundi kwa mamia ya maelfu wakawa wakimbizi kama sisi, Tanzania, Kongo na kwingineko. Wengi wa wenyeji wetu wanajua kulala chini ya hema. Ukimwona mwenyeji hana maneno mengi, usidhani anakudharau. Huenda anakumbuka.

Mzee Nyerere, aliyekuwa amemsaidia Rwagasore katika ujana wao, ndiye aliyekuja kuwa mpatanishi wa Warundi kuanzia mwaka 1996 mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mandela akapokea kazi ile, na mapatano ya Arusha yakatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Kwa hiyo vijana wetu waliomwandika Mandela kwenye orodha yao walikuwa tayari wamefika mlangoni mwa Burundi bila kujua.

NENO LANGU KWA KANISA

Naandika haya nikijua mambo yaliyomo kati yetu. Katika kambi hii tumetoka makabila mbalimbali, na vita vya kwetu vimetufuata mpaka mstari wa maji. Mwaka huu nimesuluhisha ugomvi wa vijana mara tatu. Walianza na mpira au simu, wakamaliza kwa kutukanana ukoo. Kwaya yenyewe iliyoniomba jioni ya historia ilikuwa karibu kugawanyika, kwa kuwa kila upande ulitaka nyimbo za lugha yake zitangulie. Vijana walitaka kusherehekea utamaduni, na utamaduni ukawa fimbo.

Rwagasore anatufundisha kwamba kujua asili yako si dhambi. Yeye alijua ukoo wake kuliko sisi sote, mpaka kwa Mwezi Gisabo. Lakini hakuufanya ukuta. Aliufanya mlango, watu wa Buyenzi wakaingia. Na wale vijana wa Kamenge wanatufundisha upande wa pili: mtu anaweza kubeba jina la shujaa kwenye nguo yake na kuliua kwa mikono yake. Sisi tunaobeba jina la Kristo tusiwaonee hao ajabu. Chama kilichopanga mauaji nacho kilijiita cha Kikristo. Jina peke yake halimwokoi mtu.

Kwa hiyo tumekubaliana na vijana na wazee wa kanisa mambo haya:

1. Jioni ya historia itafanyika, na orodha itakuwa na nusu ya watu wa mbali na nusu ya watu wa karibu: Lumumba, Nyerere, Rwagasore na wengine. Kila atakayesimulia habari za mtu, asimulie mtu wa kabila lisilo lake. Nyimbo zitapangwa kwa kura.

2. Kila familia itafute daftari moja. Watoto wawaulize bibi na babu: ulizaliwa kijiji gani, mto wake unaitwaje, jina lako maana yake nini, mlikuwa mnaimba nini wakati wa mavuno. Waandike. Wazee wetu wanaondoka, na nyumba zilizochomwa hazikutuachia karatasi. Daftari hilo mtoto ataweza kulibeba hata akihamishiwa nchi nyingine.

3. Tujifunze pia utamaduni wa wenyeji wetu. Ngoma za kifalme za Burundi ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu wote. Huko Gitega liko jumba la makumbusho la taifa, lililoanzishwa mwaka 1955, na karibu yake pako Gishora, mahali pa ngoma za zamani za Mwezi Gisabo. Anayepata nafasi ya kupita huko, awape watoto habari.

4. Tarehe 13 Oktoba ni siku ya kitaifa ya kumkumbuka Rwagasore. Wenyeji wakiwa na huzuni yao, sisi tusikae tukicheza muziki. Asubuhi ile tutakuwa na maombi ya saa moja kwa ajili ya Burundi, halafu kwa ajili ya Kongo.

5. Na yeyote anayeshuka Bujumbura na mtoto, akimaliza shughuli zake Rohero, amwonyeshe kile kilima juu ya mji. Amwambie kwamba pale amelala kijana wa miaka 29 aliyetaka watu wote wakae meza moja. Mtoto akiuliza kwa nini aliuawa, usimdanganye. Mwambie ukweli, halafu muulize yeye angekaa na nani.

Nilipomaliza kuwasimulia vijana, msichana mmoja wa sauti ya kwanza aliniuliza kama Rwagasore alishindwa, kwa kuwa yote aliyoyataka yalivunjika. Sikumjibu upesi. Nilimwambia kwamba mbegu ikikanyagwa si kosa la mpanzi, na kwamba miaka zaidi ya sitini imepita, lakini Warundi wanapotafuta mtu ambaye pande zote zinaweza kumtaja bila kugombana, bado wanapanda Vugizo. Yeye akafikiri, kisha akaenda kukaa upande wa pili wa benchi, kwa wale ambao juma lililopita hakuwasalimia. Mimi nikafunga Biblia yangu, tukaomba.

Bwana awabariki na kuwalinda, ninyi na watoto wenu, na nchi hii iliyotupokea. Amina.

Mchungaji wenu